Juu ya Kazi Imlayo Mtu

Vijijini mwetu mtu mwenye kazi ya mshahara huhesabiwa kuwa amekwisha kuvuka mto. Mvua ikikosa, yeye ana cha kununulia unga; mtoto wake akiugua, yeye hukopesheka dukani. Kwa hiyo mtu huyo akisema kwamba kazi yake yamwumiza, wasikilizaji hucheka kwa adabu, kisha humwuliza kama yu tayari kubadilishana nao, yeye achukue jembe na wao washike kalamu. Sisi hatuwalaumu. Jembe ni zito, twalijua, maana tumelishika. Lakini liko jambo ambalo jembe halimfanyii mtu, na darasa au ofisi yaweza kumfanyia, nalo ndilo tutakalo kulieleza kadiri tulivyoliona kwa macho yetu na katika mwili wetu.

Sisi tuandikao haya tu walimu wa shule ya msingi tangu mwaka 2006. Shule tutakayoisimulia hatutaitaja jina, wala wilaya yake, wala mkuu wake wa siku zile, kwa kuwa shabaha yetu si kumshitaki mtu.

Mwezi wa Januari 2016 michango ya lazima ilipofutwa shuleni, watoto wengi waliokuwa wakichunga mbuzi na kulea wadogo zao waliletwa kuandikishwa. Tulifurahi, na hata leo twaliona kuwa jambo jema. Walakini chumba chetu cha darasa la kwanza kilikuwa kimejengwa kwa watoto 45, na asubuhi ile tulihesabu vichwa 118. Mwalimu alikuwa mmoja.

Tufanye hesabu pamoja, kama tuwafundishavyo watoto. Kila mtoto alipaswa kufanya zoezi la kusoma, zoezi la kuandika na zoezi la kuhesabu kwa siku. Watoto 118 mara tatu ni mazoezi 354. Mwalimu akitumia dakika moja tu kwa kila zoezi, atasahihisha kwa saa 5 na dakika 54, tena baada ya kufundisha tangu asubuhi. Na dakika moja haitoshi hata kuona kwamba mtoto ameigeuza b ikawa d, sembuse kumwonyesha namna ya kuirudisha. Juu ya hayo lilikuwako andalio la somo la kila siku, azimio la kazi, zamu ya juma, ghala la vitabu, shamba la shule, na takwimu. Takwimu ziliombwa kwa ujumbe wa simu saa nne ya usiku, zikitakiwa kabla ya mapambazuko: wavulana wangapi, wasichana wangapi, madawati mangapi, matundu ya choo mangapi. Matundu ya choo hayakuwa yameongezeka tangu juma lililopita, lakini yaliulizwa tena.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza ulikuja Jumapili jioni, jua likishuka, tumbo likajikaza kama la mtu anayengoja hukumu. Kisha ukaanza kuja Jumamosi. Usiku tuliamka saa nane kana kwamba tumeitwa, tukahesabu madaftari gizani mpaka majogoo. Kengele ya shule ile ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, karibu na nyumba za walimu; ilipogongwa, moyo ulidunda kama wa mtu aliyekanyaga nyoka. Kisha majina yakatutoka. Mtoto tuliyemfundisha miezi minane alisimama mbele yetu, na jina lake halikuja. Mwisho, na hili ndilo lililotutisha kuliko yote, tukaacha kuumia. Mtoto mmoja alisoma sentensi nzima kwa mara yake ya kwanza, wenzake wakampigia makofi, na sisi hatukusikia furaha wala huzuni. Tulikuwa kama mtu atazamaye mvua inyeshayo katika nchi ya mbali.

Watu walitupatia maelezo ya namna tatu. Wa kwanza walisema ni uvivu, kwamba walimu wa siku hizi wametukuka. Mama yetu mkubwa, ambaye atupenda sana, alisema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, kuna mtu ana jicho na mshahara wako.” Na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema asiyemtakia yeyote ubaya, alituambia, “Mwalimu, piga magoti.” Tulipiga magoti, na faraja tuliipata. Lakini siku zile tuliisoma tena habari ya Musa na mkwewe Yethro katika kitabu cha Kutoka, tukaona jambo ambalo hapo kwanza lilikuwa limetupita. Yethro aliitazama kazi ya Musa siku kutwa, watu wakimsimamia tangu asubuhi hata jioni, na shauri alilolitoa lilikuwa juu ya namna kazi ilivyopangwa. Hakutafuta upungufu moyoni mwa mkwewe.

Mwezi wa Septemba tulikwenda zahanati kwa ajili ya tumbo, maana tumbo ni kitu mtu awezacho kukitaja bila aibu. Tabibu alitupima, hakuona kitu, akakaa kimya kidogo, kisha akatuuliza, “Mwalimu, wakati wa likizo unapata usingizi?” Hatukuwa tumejiuliza hivyo. Tulikumbuka kwamba katika likizo ya mwezi wa Juni, siku ya nne usingizi ulirudi, tukalala mpaka jua likatukuta kitandani; na siku tatu kabla ya shule kufunguliwa ukaondoka tena. Tulipomweleza hayo alisema, “Basi mwili wako haujaharibika. Kuna kitu kinauharibu, na umenionyesha mwenyewe kinapokaa.”

Swali lile twalitoa bure kwa kila msomaji aliye na ndugu katika kazi ya mshahara. Lina thamani kuliko shauri. Walakini tabibu aliliongezea onyo, nasi twaliandika kama alivyolisema: kama giza la moyo ladumu majuma mawili au zaidi, hata mtu akiwa amepumzika, kama hakuna chakula kina ladha wala jambo lina furaha, na zaidi sana kama mtu amewaza kuutoa uhai wake, hapo asiseme ni uchovu wa kazi. Hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ina matibabu, na mtu aende kwa daktari siku ileile. Wengi huogopa, kwa kuwa katika nchi yetu likitajwa neno akili, watu hufikiri Mirembe tu, ile hospitali ya Dodoma iliyokuwako tangu enzi ya Waingereza, na jina lake wamelifanya tusi. Hospitali haistahili kufanywa tusi, hasa hiyo ambayo imewarudisha watu wengi nyumbani kwao wakiwa wazima.

Wataalamu nao wameiandika hali hii ya kuchoshwa na kazi. Daktari Herbert Freudenberger wa New York aliieleza mwaka 1974, akiwa ameiona katika zahanati iliyowatibu maskini bila malipo. Angalieni hapo: watu iliowapata walikuwa ni wale waliojitoa kwa moyo, waliokuja jioni baada ya kazi zao nyingine, na yeye mwenyewe akiwamo. Basi neno uvivu laanguka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeitaja hali hii. Haliiti ugonjwa, bali lasema ni jambo litokanalo na msongo wa kazini uliodumu bila kupatiwa njia. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kujiona hafanyi tena kitu cha maana. Tuliposoma alama ya pili tulimkumbuka yule mtoto na sentensi yake.

Lakini habari iliyotufumbua macho zaidi ilikuwa ya watumishi wa serikali mjini London. Tangu mwaka 1967 wataalamu waliwapima wanaume wapata 18,000 wa idara za serikali na kufuatilia nani afa na kwa maradhi gani. Desturi ya watu ilikuwa kudhani kwamba wakubwa ndio wafao kwa moyo, kwa sababu ya mzigo wa madaraka. Ikaonekana kinyume. Matarishi na mabawabu, walio ngazi ya chini kabisa, walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa ngazi ya juu. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti ile. Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1985 chini ya Daktari Michael Marmot, safari hii wanaume na wanawake zaidi ya 10,000, nao ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya jambo ni hii: je, mtu ana neno lolote katika kazi yake? Aweza kuamua aanze na lipi, apumzike lini, afanye kwa njia gani? Mwamerika mmoja, Robert Karasek, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1979 kwamba kazi imwumizayo mtu akili ni ile yenye madai mengi na uamuzi mchache, vyote viwili pamoja.

Hapo ndipo twaona tofauti na jembe. Mkulima huchoka kuliko tarishi, na njaa yaweza kumwua. Lakini asubuhi yeye mwenyewe huamua aanzie mtoni au mlimani, na jua likizidi huketi chini ya mti bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi tukachukua daftari jipya. Kwa majuma manne tuliandika kila jioni mistari miwili: tumefanya nini leo, na mwili wetu u hali gani. Tulidhani daftari litatuonyesha kwamba madaftari ya watoto ndiyo adui. Halikutuonyesha hivyo. Siku tuliyosahihisha mazoezi 300 tulichoka, tukala, tukalala. Siku tuliyokemewa mstarini asubuhi mbele ya watoto hatukulala, hata kama hatukusahihisha daftari hata moja. Na usiku ambao simu ililia saa nne hatukulala, hata kama jibu lake lilikuwa la dakika tano. Mzigo mkubwa na kitu kitukwaruzacho havikuwa kitu kimoja, na kwa mwaka mzima tulikuwa tukivichanganya.

Tusidhaniwe kusema kwamba amri na makemeo ndiyo sababu pekee. Ziko kazi ambazo kitu chenyewe kishikwacho kina sumu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki sasa huajiriwa mijini kuketi mbele ya kompyuta, na wazazi vijijini hujivuna, maana kijana amekaa kivulini na ameshika mashine. Huko Nairobi wako waliopewa kazi ya kutazama picha na sinema zilizopelekwa kwenye Facebook, ili kuondoa zilizo mbaya: watu wakichinjwa, watoto wakiteswa, watu wakijiua, siku baada ya siku. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi nchini Kenya mwaka 2022. Mwaka 2023 wakafuata wenzake zaidi ya 180. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni yenye Facebook yaweza kushitakiwa huko, na Desemba mwaka huohuo zilijulikana ripoti za daktari zilizopelekwa mahakamani, zikisema kwamba zaidi ya 140 kati yao wana majeraha makubwa ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha waliyoyaona. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna mpango wa madaftari uwezao kutosha. Mzazi akimwona kijana wake amerudi likizo na haongei, asiishie kumwuliza ameleta nini.

Turudi kwetu. Watu wa mjini hushauriana upesi, “Acha kazi hiyo.” Ni shauri zuri kwa mtu asiye na wategemezi. Mshahara wetu ulikuwa ukilisha watu tisa, na mkopo wa benki ulikuwa haujakwisha. Wengine walituambia tuvumilie, kwa kuwa mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, lakini sharti mtu kwanza ajue kama mti anaoungoja ni mwembe au ni nguzo ya simu. Sisi tuliona kwamba yatupasa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kuipunguza kazi ituumizavyo tungali ndani yake, na kuitafuta njia ya kutoka kwa utaratibu.

Tulianza na madaftari, kwa sababu hayo yalikuwa mikononi mwetu. Tuliwagawa watoto katika safu tatu, tukaziita Mwembe, Mchungwa na Mpera. Kila siku tulisahihisha kwa kalamu nyekundu madaftari ya safu moja tu, kwa makini. Safu mbili nyingine walibadilishana madaftari na kuyalinganisha na majibu ya ubaoni, nasi tukapita katikati yao tukitazama. Watoto wapata 40, mazoezi matatu, dakika moja moja: saa mbili badala ya karibu saa sita. Kisha tuliiandika hesabu hiyo katika karatasi, ile ya 354 na hii ya 120, tukampelekea mwalimu mkuu ofisini. Hatukulalamika kwa neno hata moja. Tuliweka hesabu tu mezani. Aliisoma mara mbili. Akasema, “Fanya, Mwalimu. Lakini akija mkaguzi, ni juu yako.” Mkaguzi alipokuja aliuliza mpango huo ni wa nani, akauandika katika kitabu chake.

Siku ile tulikaa ofisini kidogo kuliko desturi, na mkuu wetu akatuonyesha simu yake. Aliyetupigia saa nne alikuwa amepigiwa saa tatu. Shule zilikuwa zikipangwa kwa matokeo ya darasa la saba, ya kwanza hadi ya mwisho, na yetu ilikuwa karibu na mwisho. Naye alikuwa haoni usingizi kuliko sisi. Jambo hili halikuyafanya makemeo ya mstarini kuwa mema. Lilitusaidia kujua tu kwamba hayakuanzia kwetu.

Juu ya simu tulifanya neno gumu zaidi. Tulimwambia, kwa heshima na mbele ya mwalimu wa taaluma, kwamba kuanzia saa mbili ya usiku simu yetu itakuwa kabatini. Kukiwa na jambo la hatari atume mtoto wa jirani, nyumba zi karibu. Tukaomba pia kwamba tukiwa na kosa tuambiwe ofisini. Alikasirika majuma mawili. Kisha takwimu zikaanza kuombwa saa sita za mchana. Kukemea hadharani hakuacha kabisa, ila alipunguza, na mara moja alianza sentensi mstarini akaimeza. Sisi tuliiona sentensi ile ikishuka kooni, na twakiri kwamba ilitupendeza.

Nchini Zimbabwe, katika lugha ya Kishona, kuna neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi tuna mawazo mengi, ni kitu kilekile. Daktari Dixon Chibanda aliona kwamba madaktari wa akili nchini mwake ni wachache mno, basi mwaka 2006, mtaani Mbare katika mji wa Harare, alianza kuwafundisha akina bibi 14 kukaa na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha humwomba mtu ayataje matatizo yake yote, achague moja tu, na watafute pamoja hatua moja awezayo kuichukua kabla ya kuonana tena. Hakuna dawa katika jambo hilo. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 573: baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hatukuwa na benchi. Tulikuwa na njia ya kwenda mtoni, na mwalimu mwenzetu, dada mmoja wa darasa la pili, ambaye alikuwa akikosa usingizi kama sisi na kila mmoja alidhani yu peke yake. Tulipatana hivi: tukitoka shuleni, habari za shule tutasema mpaka kwenye mbuyu, tukiupita mbuyu, mwenye kutaja mtihani atabeba ndoo ya mwenzake. Katika juma la kwanza ndoo zilibebwa sana. Tena twaona lazima kutaja pombe, ingawa si kwa kuhubiri. Walimu wawili wa shule ile waliitafuta nafuu kilabuni. Usingizi waliupata kweli, ila uliwaamsha saa nane kama sisi, na mshahara ukiwa umepungua.

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, yampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Yampa pia ruhusa ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha mganga. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Wengi hawaombi ruhusa hiyo kwa sababu ya haya, wakaiomba baadaye kwa ajili ya moyo au vidonda vya tumbo.

Mwezi wa Novemba 2016 tuliandika barua ya kuomba uhamisho. Msomaji asiye mtumishi wa serikali huenda asijue kwamba barua hiyo hupita mkononi mwa mwalimu mkuu yuleyule, ambaye aipitishe kwa sahihi yake. Tulimpa mkono kwa mkono. Aliiweka juma zima, kisha akatia sahihi. Baada ya hapo ilikaa katika ofisi za mbali miezi 14, na katika miezi hiyo tulifundisha darasa jingine la kwanza, lenye watoto 112. Tumbo la Jumapili halikuondoka lote. Lakini tuligundua kwamba kungoja kitu kilichokwisha kuandikwa hakulingani na kungoja bila kitu. Usiku wa saa nane ulianza kuwa wa saa kumi, na saa kumi ni karibu na alfajiri.

Uhamisho ulipatikana kwa njia ya kubadilishana. Alitokea mwalimu wa wilaya nyingine ambaye mumewe alikuwa na shamba karibu na shule yetu, na mtoto wao mdogo alikuwa akikua bila kumwona baba. Hapo dhamiri ilituuma, maana mtu mmoja kuokoka kwa kumweka mwenzake mahali pake si jambo la kuliendea ukiwa umefumba macho. Tulimpigia simu kabla hajatia sahihi. Tulimweleza hesabu ya madaftari, mstari wa asubuhi, saa nne ya usiku, na safu tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwalimu, hapa nina watoto 90 na nalala peke yangu. Hapo nitakuwa na 112, na jioni nitakuwa nyumbani.” Hapo tukaelewa kwamba kipimo cha kazi iumizayo si kimoja kwa watu wote, na kwamba yeye alikuwa amekwisha kuandika daftari lake.

Sisi tuko shule nyingine tangu Januari 2018. Darasa letu la sasa lina watoto 61, ambao nao ni wengi, na mkuu wetu huwaita watu ofisini. Kengele ikigongwa moyo hushtuka bado, siku za mwanzo wa muhula hasa, kisha hutulia. Yule mwalimu huandika mara mojamoja. Mkuu wa siku zile amekwisha kustaafu. Yeye alizidumisha safu tatu, akaongeza ya nne, Mpapai, na mwaka juzi aliipeleka hesabu yetu ya zamani mbele ya kamati ya shule, wazazi wakiwapo, akaiandika yote ubaoni kwa chaki. Mzazi mmoja aliinuka akasema alidhani kusahihisha ni kutia alama tu. Baada ya mkutano ule waliandika barua wilayani, na baada ya miezi sita akaja mwalimu wa pili wa darasa la kwanza. Walimu nao waliomba jambo dogo, wakapewa siku ileile: rimu ya gari imeshushwa kutoka kwenye ule mwembe, ikatundikwa upande wa pili wa uwanja, mbali na nyumba zao.